Singo Haina Mdomo

Jumamosi, 29 Novemba 2025

Kifurushi kimefika! Nimekwenda kukichukua mwenyewe Ukunda, kwenye duka linalopokea mizigo. Dada wa kaunta ni mtu wa bara, jina amelibandika kifuani: Judy. Akakitikisa, akauliza kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, "Msupa, hii ni meikapu, ama?" Watu watatu wakageuka. Nikasema ni vitabu.

Vitabu! Mtihani wa Kidato cha Nne umekwisha wiki iliyopita. Nani anaagiza vitabu sasa?

Kampuni inaitwa Wajihi. Ni mpya, haina duka, huuza kwenye simu tu. Nimeagiza faundesheni moja, poda moja na sponji, kwa zawadi aliyonipa Ami, ndugu wa Baba, nilipomaliza shule. Rafiki yangu Dama anasema bei ile kwenye maduka ya Diani hainunui hata kifuniko. Rangi zao wamezipa majina ya vitu vya kula: Haluwa, Asali, Tende, Kahawa. Mimi ni Tende. Siku tatu nzima niliweka mkono kando ya simu, juani, kivulini, kabla ya kuamua.

Sijafungua bado. Mama yuko jikoni. Siogopi kuwa atacheka — Mama hamcheki mtu. Naogopa atauliza kwa nini.

Kwa nini ni shavu la kushoto. Hapa naweza kuandika, hasomi mtu. Nilikuwa na miaka mitano. Mama alikuwa akichoma mahamri, akageuka kuchukua unga, mafuta yakaruka. Doa limebaki, refu kama kijiko, jeusi, na ngozi imejikunja kidogo pembeni. Miaka minne ya sekondari nimekaa dirishani, upande wa kushoto, ili darasa lione la kulia tu. Mtandio nauvuta hadi hapo, hata nikiwa peke yangu. Mama hajawahi kulitaja doa. Mimi pia. Hivyo ndivyo tunavyoishi nalo.


Jumapili, 30 Novemba

Nimefungua. Chupa ndogo, kifuniko cha dhahabu, harufu kama ya maziwa. Ndani mna karatasi: upande mmoja Kiswahili, upande mwingine Kiingereza, maandishi madogo kama mchwa. "Jaribu kwanza nyuma ya sikio. Subiri siku moja."

Nimepaka nyuma ya sikio. Nasubiri.

Dama amenitumia sauti kutoka kwao Kikoneni. Anapiga kelele kushinda mbuzi wao. Kwamba mimi hata mtihani wa kemia sikuuogopa hivi, kwamba nipake, mwenzangu, uso si wa kukopa!

Sipaki. Karatasi imesema siku moja.


Jumatatu, 1 Desemba

Sikio salama. Nimepaka.

Doa limekwenda!

Si lote. Ukinitazama kwa ubavu, mwanga ukipiga, ile mikunjo bado ipo. Lakini weusi haupo. Nilikaa mbele ya kioo nikigeuza shingo kama kuku. Kulia, kushoto. Kulia, kushoto. Mashavu mawili, ya mtu mmoja.

Mama akagonga mlango, nikanawa haraka. Nimelia kidogo, sijui kwa nini. Sabuni, labda.


Alhamisi, 4 Desemba

Nimetoka nayo nje kwa mara ya kwanza. Hadi dukani kwa Mzee Boga, kununua unga wa ngano wa Mama. Nikamwamkia, shikamoo. Akaitika marahaba, akanitazama usoni. Akatazama sana. Nikajua ameona.

"Kilo ngapi?" akasema.

Basi! Kilo ngapi! Nikarudi nimebeba unga kama niliyebeba zawadi. Hakuna aliyeniuliza kitu. Hakuna mtoto aliyenionyesha kidole. Raha ya kutoulizwa, watu wengine wanayo kila siku na hawaijui.


Ijumaa, 5 Desemba

Nimekamatwa. Si na Mama, ni Fauzia. Yeye ni binti wa Ami, tunakaa ua mmoja, na tangu mama yake afariki Mama ndiye aliyekuwa akimsuka na kumpigia pasi nguo za shule. Kwa hiyo habishi hodi kwetu.

Akasimama mlangoni. "Subhanallah, Meju! Limekwenda wapi?"

Akanishika kidevu, akanigeuza kwenye mwanga, akasugua kwa kidole gumba. Nikamweleza yote. Wajihi, Tende, nyuma ya sikio. Nikamwomba asimwambie mtu.

Akakaa kitandani akafikiri. Kisha akasema jambo lililonikata pumzi. Kwamba tarehe ishirini, siku atakayotolewa nje, mimi ndiye nitakayempamba.

Anaolewa na Swabir wa Mkwiro, fundi wa mashine za boti. Nikah Ijumaa ya tarehe kumi na tisa, kutolewa Jumamosi. Kila bi harusi wa ukoo wetu amepambwa na Shangazi Mwanatumu, kwa miaka thelathini. Yeye ndiye somo, kungwi wetu, yeye ndiye anayewaweka wasichana ndani kabla ya harusi na kuwatoa mbele ya watu. Nikamkumbusha hivyo.

"Umeziona picha za harusi ya dada Mwanakheri?" akasema. "Shangazi ana mkono mzito wa poda. Dada wa watu katoka kama samaki aliyetiwa unga, bado mafuta tu!"

Nilicheka mpaka nikasahau kukataa. Nilipokumbuka, alikwisha kutoka. Tena sijawahi kumpamba mtu yeyote ila mimi. Na mimi ni shavu moja tu!


Jumatano, 10 Desemba

Leo Fauzia amewekwa ndani, nyumbani kwa Shangazi, chumba cha nyuma. Siku kumi bila jua. Asubuhi na jioni atasingwa: mwili mzima na uso kusuguliwa singo — liwa, karafuu, mawaridi na dalia, vimetwangwa vikalainishwa kwa maji ya mawaridi. Singo ya mwaka huu ametwanga Mama, siku mbili, kwa kinu chetu. Mikono yake bado inanukia. Shangazi alionja kwa vidole, akasema, "Wifi, hapa umeweza." Mama akainama kama msichana. Miaka ishirini na moja yuko kwenye ukoo huu na nadhani hajasifiwa mara nne. Kwa Shangazi yeye bado ni yule wa Kikoneni aliyeletwa na kaka.

Wanawake walijaa. Shangazi akatoa masharti, kila mtu asikie. Usoni ni singo na maji ya mawaridi, basi. Hakuna sabuni, hakuna krimu, hata mate ya mtu hayatakiwi.

"Hata ya Swabir?" mmoja akauliza.

"Hasa ya Swabir!"

Kicheko kikajaa chumba. Kisha Shangazi akaacha kucheka. Akasema bi harusi atakayemdanganya humu ndani, hatamtoa nje. Watafute mtu mwingine wa kumtoa. Na wote wanajua mtu mwingine hakuna.

Fauzia akanitazama kwa pembe ya jicho. Mimi nikatazama mkeka.


Jumapili, 14 Desemba

Faundesheni ya Fauzia imefika. Kahawa, kwa kuwa yeye ni mweusi kuliko mimi — nilimpimia rangi tarehe saba, tukiwa tunaanua nguo kambani. Judy wa Ukunda amenikumbuka. "Vitabu tena?" Nimeona aibu!

Nilimwambia Fauzia nitampaka siku ya siku, Shangazi akiwa amekwisha kubali. Nilikuwa na mpango: nimwombe Shangazi kwa adabu, Alhamisi, mbele ya Mama. Nimeuandika hata mwanzo wa maneno. Lakini Fauzia anataka kujiona kwanza. Amenong'ona kupitia wavu wa dirisha: Shangazi kesho anakwenda Lunga Lunga kufuata leso za ukoo, hatarudi mpaka alasiri.

Nikasema sawa, lakini kwa utaratibu. Nimepenyeza mkono pale wavu ulipochanika, nikampaka nyuma ya sikio. Mpaka kesho.

Dama ananiuliza hofu ya nini, mbona jaribio la sikio ni lilelile. Hofu sijui ya nini. Ipo tu.


Jumatatu, 15 Desemba

Sikio la Fauzia safi kabisa. Nimelitazama kwa tochi ya simu.

Shangazi akaondoka saa mbili. Saa tatu niko chumbani na mfuko wangu chini ya buibui.

Nikashangaa kwanza. Fauzia niliyempimia rangi alikuwa wa juani. Huyu wa siku tano ndani, wa singo na liwa, ni mwingine! Anang'aa, amekuwa wa maji ya kunde. Kahawa ikamkaa usoni kama kinyago, shingo mbali, uso mbali. Akajiona kwenye kioo akasema, "Meju, umenifufulia nyanya." Tukacheka kwa kuziba midomo.

Nikachanganya na Tende yangu, tone kwa tone, kwenye sahani ya chai. Mpaka ikakubali. Nikampaka taratibu, paji la uso, pua, mashavu, kidevu. Wanja. Poda kidogo, ya ncha ya brashi. Ikachukua saa nzima na mikono haikutetemeka. Mikono yangu! Ikiwa na kazi haina haya.

Akajitazama, akageuza kioo huku na huku. Halafu akasema, "Mama angeniona." Nikajua anasema mama yake.

Alikaa nayo mpaka adhana ya adhuhuri. Alisema inawasha kidogo, lakini huenda ni joto. Nikamnawisha kwa sabuni, maana maji ya mawaridi hayakuitoa. Nikarudi nyumbani nikiwaza kwamba nimepata kazi ya kufanya maishani.


Jumanne, 16 Desemba

Ya Rabbi.

Nimesikia kelele ya Shangazi nikiwa naosha vyombo uani. Nikakimbia na povu mikononi.

Mashavu ya Fauzia yamevimba. Vipele vidogo, vyekundu, vimeshikana kutoka chini ya macho hadi kidevuni. Paji la uso limekuwa kama ganda la chungwa. Jicho moja halifunguki vizuri. Nyuma ya sikio, pale nilipopajaribu — hakuna kitu. Laini kama yai. Nimepatazama mara mbili.

Shangazi alikuwa na bakuli la singo mkononi. Akanusa. Akanusa tena. Akasema karafuu hizi zina namna. Akamuuliza Fauzia ametumia kitu gani kingine usoni. Fauzia akasema, hakuna, Shangazi. Wallahi hakuna.

Ameapa.

Shangazi akanigeukia. Nikajua sasa naulizwa mimi. Akaniambia niende nikalete maji baridi, nisisimame kama mlingoti. Alikuwa ananituma maji tu! Nikaenda.


Jumatano, 17 Desemba

Bakuli limerudi.

Nieleze vizuri nisije nikasahau. Kwetu bakuli halirudi na kitu kilekile lililokwenda nacho. Ukiletewa mchuzi, unarudisha na malimau, chumvi, hata majani ya chai, lakini si mchuzi wenyewe. Asubuhi hii bakuli la singo ya Mama limeletwa limejaa. Limefunikwa kwa kitambaa, limewekwa mlangoni. Aliyeleta hakubisha hodi.

Mama akalifunua. Akalifunika. Akalibeba ndani polepole kama lina maji ya moto.

Kisha tukaenda kumjulia hali Fauzia. Wanawake wengi, wamekaa na kimya cha wanaotaka kuulizwa. Mama akatoa salamu, zikaitikiwa nusu. Mmoja akasema hasadi iko, jamani, hata ndani ya ukoo iko. Mwingine akasema dawa ya jicho baya ni kusoma Kurani. Shangazi alikuwa akipanga leso mpya.

"Mimi sisemi neno," akasema. "Nauliza tu. Kinu kilikuwa kwa nani?"

Kila mtu anajua kinu kilikuwa kwa nani! Mama akajibu, "Kwangu, wifi." Sauti ndogo. Shangazi akasema basi apumzike, amechoka kwa kutwanga. Asijisumbue na kazi za chumbani tena. Watamalizia wao.

Amesema kwa upole. Afadhali angetukana.

Nikaenda dirishani kwa Fauzia, upande wa choo. Nikamwambia tuseme. Akaanza kulia, jicho lile lililovimba. Akanikumbusha sharti la Shangazi. Hatamtoa! Ijumaa saa nne wanawake wa Mkwiro wanakuja kumwona, mawifi zake wote, mama mkwe. Watasema nini — bi harusi ameshindwa kukaa ndani siku kumi, ataikalia vipi nyumba?

"Na Mama?" nikauliza.

"Mama yako hawamfanyi kitu, Meju. Ni maneno tu, yatapita. Singo haina mdomo. Iache ibebe."

Jibu limenijia nikiwa nimekwisha fika kwetu, kama kawaida yangu. Singo haina mdomo, lakini ina mtu aliyeitwanga.


Jumatano hiyohiyo, baada ya alasiri

Nimesoma karatasi ya Wajihi upande wa Kiingereza. Sikuusoma mwanzo kwa kuwa upande wa Kiswahili ulinitosha. Mstari wa mwisho, chini kabisa: isitumike kwenye ngozi iliyosuguliwa au kuchubuliwa katika siku saba zilizopita. Upande wa Kiswahili mstari huo haupo. Walikosa nafasi, au walisahau, sijui.

Siku saba! Na Fauzia alisuguliwa asubuhi ileile, na jioni iliyotangulia, na kabla yake. Singo haifiki nyuma ya sikio. Husugua mashavu, paji la uso, shingo, kifua, miguu. Nani anasinga nyuma ya sikio? Nilijaribu mahali pekee ambapo hapakuwa na jibu.

Na mimi nilijiona mwangalifu!

Lakini nitajuaje kweli? Huenda karafuu nazo zilikuwa mbovu. Nikisema bila kuwa na hakika, watasema mtoto anamkinga mama yake. Nami nikiulizwa kwa ukali nitanyamaza, najijua.

Bakuli la singo liko chini ya meza, limejaa. Nimechota. Nimesugua mashavu yote mawili, kwa nguvu, kama anavyosugua Shangazi, mpaka yakapata moto. Nitafanya hivyo tena kabla ya magharibi, na kesho alfajiri. Kisha kesho saa tatu nipake faundesheni shavu moja tu.

La kushoto. Kama ni kuharibika, liharibike lililozoea.


Alhamisi, 18 Desemba

Saa tatu nimepaka. Kulia sikupaka. Nimeacha mpaka adhuhuri, nikanawa uso wote kwa sabuni. Sawasawa na Fauzia.

Dama nimemwambia. Safari hii hakupiga kelele; akasema uso si karatasi ya mtihani, mwenzangu, hausahihishwi ukaandikwa upya. Akaniuliza kwa nini nisimwambie Mama tu. Nimwambieje? Kwamba nilinunua rangi ya kuficha kile ambacho yeye anadhani mimi nimekisahau?

Saa nane. Kushoto kunawasha.

Saa kumi. Kushoto kunawaka. Kulia kimya.

Mama amekaa jikoni anakanda unga wa mahamri ya kesho. Ya harusi. Kazi ya chumbani amenyang'anywa, ya jikoni hawakumnyang'anya, maana mahamri yake wanayataka! Nikamuuliza atavaa leso ya ukoo na blauzi gani. Akasema yeye kesho atabaki na karai lake. Kwamba kuna watu wengi wa kumwona Fauzia, haitaonekana kama hayupo.

Yeye ndiye aliyemfunza Fauzia kufunga viatu.

Nimemtumia Fauzia ujumbe, kwenye simu anayoificha chini ya godoro: "Kesho nitasema." Ameusoma. Kisha: "Ngoja Jumapili. Nikishatolewa nitasema mwenyewe. Nakuapia."

Alimwapia na Shangazi.

Hapana, nisiandike hivyo. Anaogopa, hana mama. Huenda kweli atasema. Lakini Jumapili Mama atakuwa amekwisha kukosa. Nikah haifungwi mara mbili, na bi harusi hatolewi mara mbili. Kila picha itakuwa haina yeye, na miaka na miaka wataulizana kwa nini.


Ijumaa, 19 Desemba

Nimeamka, nikaenda kwenye kioo kabla ya kusali. Mungu anisamehe.

Kushoto: shavu lote limevimba, vipele vyekundu vilevile, na katikati yake doa langu, jeusi, limeinuka kama kisiwa. Kulia: safi. Singo ileile, bakuli lilelile, uso uleule. Kulia laini hata naona fahari, na ni siku ya fahari gani hii!

Sasa nina hakika. Nilifikiri hakika ikija itanipa nguvu. Nimegeuza kioo ukutani.

Saa tatu Mama alikuwa anachoma mahamri, mafungu ya mwisho. Nilisimama mlangoni pa jikoni na mtandio umenifunika mpaka puani. Akasema bila kugeuka nimletee sinia. Nikaleta. Akageuka. Akaona.

Akazima jiko kwanza. Kila mara huzima jiko kwanza, mimi nikiwa karibu. Nimeligundua leo.

"Uso umefanyaje?"

Nikamwambia. Yote. Nimesimama, nikitazama sinia. Wajihi, Mzee Boga na kilo zake, Lunga Lunga, sahani ya chai, sikio, mstari wa mwisho. Nikamwambia na sababu ya kununua.

Akaninyoshea mkono wenye unga, akagusa la kulia. Kisha la kushoto — doa lenyewe. Sikumbuki kama amewahi kuligusa.

"Kwa hiyo si karafuu zangu," akasema.

"Si karafuu zako, Mama."

Alikuwa haamini! Siku tatu hizi, hata yeye mwenyewe alikuwa akidhani ni yeye!

Nikachukua bakuli, nikamwambia naenda kwa Shangazi. Akanizuia. Kwamba wageni wa Mkwiro wako njiani. Kwamba nitamwaibisha Fauzia mbele ya wakwe, na Shangazi ni mtu wa neno lake, akisema hamtoi hamtoi. Kwamba harusi ni siku moja, na yeye amekwisha zoea.

"Wacha niyabebe, mwanangu. Si mazito."

Si mazito! Miaka kumi na mitatu amebeba shavu langu, hakuna aliyemtua. Sasa amebebeshwa na la Fauzia. Ana mashavu mangapi mama huyu?

Nimetoka. Nimekaa kwenye kizingiti chetu cha nyuma, naandika haraka. Daftari gotini, bakuli pembeni. Nimepanga hivi: nisiingie penye wageni. Niingie sasa, kabla hawajafika, nimwombe Shangazi aje kando, chumba cha leso. Nisiseme neno kwanza. Nimwonyeshe bakuli, halafu la kulia, halafu la kushoto. Yeye amesinga nyuso za watu miaka thelathini, atasoma mwenyewe. Kisha niseme aliyekwenda na rangi ni mimi. Mfuko ulikuwa wangu, mkono ulikuwa wangu. Akitaka kumwadhibu mtu, mimi hapa. Na nimwombe amtoe Fauzia. Nipige magoti ikibidi.

Na akikataa? Asipomtoa? Swabir na watu wake msikitini, bi harusi hana wa kumtoa, kwa sababu yangu?

Sijui. Nimefika hapo kwenye mpango mara nne, kila mara haupiti.

Nawasikia wanawake kwa Shangazi wanajaribu vigelegele. Dirisha la Fauzia limefungwa pazia. Simu imetikisika, ni yeye. Sijaifungua. Nikiifungua nitakaa.

Honi. Moja, mbali, upande wa barabara kubwa. Tena. Ni gari za kutoka Shimoni, wageni wamekwisha vuka bahari kutoka Mkwiro. Dakika tano, pengine kumi.

Kutoka hapa hadi mlango wa Shangazi ni hatua ishirini na tatu. Nimezihesabu toka nikiwa mdogo, kwa kukimbia. Nimeuvuta mtandio shavuni, mkono wenyewe umefanya bila kuambiwa. Nimeufungua. Nimeufunga kisogoni, kama wanavyofunga wanaokwenda kutwanga. Upepo unaligusa, linachoma.

Jikoni Mama hajawasha jiko tena. Nasikia anaburuta kitu sakafuni. Viatu. Anatafuta viatu vyake — sijui ni vya kunizuia au ni vya kunifuata.

Bakuli ni zito kuliko nilivyodhani. Honi imepiga hapa hapa, kona ya duka la Mzee Boga. Nafunga daftari, naenda.